Niliyomwambia Bibi Maendeleo Tukiwa Tunalima

Aliyetuletea barua hii ametuomba tusitaje jina lake wala la kijiji chake. Msomeni mpaka mwisho kabla ya kumhukumu.

Nina miaka kumi na sita. Nilimaliza darasa la saba mwaka jana, na kwetu ni Ufipa, upande wa Mwimbi. Mimi si msemaji. Hata shuleni mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua, nilikuwa nainama tu. Ndiyo maana naandika.

Mwaka jana wakati wa kiangazi tulihamia kijiji kipya cha ujamaa. Siku lori lilipokuja kutuchukua mama alikuwa na mimba ya miezi sita, na alichelewa kufunga ulezi kwenye magunia. Mchana kweupe, lori likingoja barabarani, baba alichomoa mpini wa jembe akampiga mama mgongoni, kisha tumboni. Alimpiga kama mtu anayepura maharage. Mama aliuma khanga yake ili watu wa kwenye lori wasisikie. Mimi nilikuwa nyuma ya kihenge, nimemziba mdogo wangu macho. Mtoto alitoka siku ya pili, amekufa.

Baba akawaambia majirani wapya, "Alianguka akipanda lori." Mama naye akasema hivyo hivyo. Kijiji kizima kikaja kutupa pole.

Tangu hapo nilikuwa sisemi hata na wenzangu. Wakaanza kuniita Bubu. Muuguzi wa zahanati aliona ninavyotetemeka, akanipeleka kwa Bibi Maendeleo. Huyu ni ofisa wa maendeleo hapa kijijini, mama wa Mbeya, hana mume, amesomea chuoni kusikiliza na kushauri watu wenye matatizo. Alinikalisha kwenye kiti, tukatazamana, akasema, "Mwanangu, kinachokusumbua ni nini?" Wiki tatu nilitazama miguu yake. Kwetu msichana hamtazami mkubwa machoni, sembuse kumweleza mambo ya baba yake.

Wiki ya nne nilimkuta nje na majembe mawili.

"Leo sikuulizi kitu," akasema. "Nifundishe kulima ntumba. Matuta yangu yamebomoka yote, watoto wanasema nimezika mbwa."

Ntumba ni matuta yetu ya duara, tunafukia nyasi ndani zioze ziwe mbolea. Tuliinama bega kwa bega, nyuso zote zikitazama udongo. Kwenye tuta la tatu maneno yakatoka yenyewe. Nilimwambia mpini, nilimwambia tumbo, nilimwambia uongo wa lori. Nilipoinua kichwa alikuwa analia.

"Chuoni walitukataza kulia mbele ya tunayemsaidia," akasema, akijifuta kwa kiwiko. "Basi leo nimefeli."

Nilicheka huku nalia. Akaniapia kwamba niliyomwambia ni yangu, hayatatoka kinywani mwake bila ruhusa yangu. Tukawa tunalima kila Alhamisi. Mimi nilimfundisha heshima za kwetu: ukifika kwa watu unaweka jembe chini, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, ndipo unasalimu. Alikuwa anapiga makofi kama yuko ngomani, namsahihisha.

Mwezi uliopita, asubuhi ya Alhamisi, baba alianza tena kumpiga mama kwa sababu uji uliungua. Nilisikia kitu kikivunjika na mama akaita jina langu. Nilikimbia mpaka shambani kwa Bibi Maendeleo. Nilipiga kelele, mimi Bubu. Alikuja mbio na jembe mkononi, mimi nikajificha nyuma ya ua.

Nilitegemea apige mayowe. Lakini alifanya kama nilivyomfundisha. Aliweka jembe mlangoni, akachuchumaa, akapiga makofi mawili. "Shikamoo, baba. Naomba umwache kwanza, tuongee."

Baba alitoka, mikono ina damu. Akacheka. "Hata makofi unajua! Wewe usiye na mume, umekuja kunifundisha kuishi na mke? Nani kakufundisha mila zetu?"

"Majirani," akajibu. Hakugeuka hata kidogo kutazama upande wangu.

Baba aliokota lile jembe akampiga kwa mpini akiwa bado amechuchumaa. Alipokinga kichwa, mkono ukalia kama kuni kavu. Alimpiga tena pale chini, mdomoni. Niliona jino likianguka kwenye vumbi, na sikutoka.

Sasa baba anasema alivamiwa akajikinga. Jembe la Bibi lilikutwa mlangoni kwetu, watu wakaamini. Mwenyekiti wa kijiji alimuuliza Bibi, "Ndugu, nani alikuita pale?" Hakunitaja. Baraza litakaa ulezi ukishavunwa. Asipokuwa na shahidi ataondolewa kazini kwa aibu.

Nilimfuata, mkono wake uko kwenye plasta. Nikamwambia, "Nimekuruhusu, sema yote."

"Ruhusa ya mtu anayetetemeka siipokei," akasema kwa shida, mdomo umevimba. "Na usiseme kwa ajili ya mkono wangu. Mkono utaunga. Ukisema, iwe kwa sababu wewe umetaka isemwe."

Mama ameniambia, "Baba yako akifungwa, wadogo zako utawalisha wewe? Hukuona kitu, mwanangu." Alisema hivyo jicho lake moja halifunguki.

Ulezi umeanza kukatwa. Jana baba alinipa kipande kikubwa cha nyama, akasema mimi ndiye mtoto wake mwenye adabu kuliko wote, kwa sababu sina maneno. Nilikila chote.

Ninyi mliozaa, na ninyi mliowahi kupigwa, naomba mnijibu upesi. Nikisimama barazani nawanyima wadogo zangu baba. Nikikaa, mtu pekee aliyenisikiliza ataondoka akiitwa mwongo. Nisimame, au nikae?