Binti Aliyekuwepo kwenye Daftari

Mimi ni fundi cherehani wa Mbeya, na kidato cha nne nimekipata ukubwani, shule ya jioni, nikiwa na watoto watatu na kitambi. Cheti hicho ndicho kilichonifanya nichaguliwe katibu wa bodi ya kambi yetu ya vijana. Bodi yenyewe ni watu watatu, wote wa kujitolea. Mwenyekiti ni mama mmoja wa Iringa, mkunga mstaafu, ambaye ukimsikiliza utaamini amezalisha nusu ya mkoa kwa mikono yake. Wa pili ni seremala wa Mafinga, aliyetupatia eneo la kambi pembeni ya msitu wa mipaina. Wa tatu ni mimi, mwenye mwandiko mzuri kuliko kiumbe yeyote aliyewahi kushika kalamu upande huu wa mto Ruaha.

Sasa, shule ya jioni ina ustaarabu wake. Wanafunzi ni watu wazima. Mmoja kabanwa na bosi, mwingine mtoto anaharisha, mwingine baiskeli imepata pancha. Mwalimu akiita jina la aliyechelewa, jirani yake anapaza sauti: "Yupo, anakuja!" Mwalimu anaweka tiki, maisha yanaendelea. Bila ustaarabu huo nisingemaliza hata kidato cha kwanza. Basi siku ya kwanza ya kambi nilisimama mbele ya vijana wetu arobaini nikawaambia kwa fahari: "Hapa sisi ni ndugu. Mwenzako akichelewa kuhesabiwa namba, mwitikie."

Nililisema kwa mdomo wangu huu.

Siku ya tatu, saa tisa mchana, ukungu ulishuka. Ukungu wa Mafinga haukupigii hodi. Nilikuwa nimesimama nje ya bweni, nikainua mkono kujikuna, vidole nikavipoteza. Simu ikaita. Alikuwa mzee mmoja mfugaji, Msukuma aliyehamia bonde la Usangu. Binti yake wa miaka kumi na minne alikuwa kambini kwetu, mara yake ya kwanza kulala nje ya kwao. Mzee alikuwa amepanda kichuguu kutafuta mtandao.

"Mwalimu, habari za huko baridini?"

"Nzuri mzee, shikamoo."

"Marahaba. Nipe mtoto nimsalimie. Yupo?"

"Yupo, mzee! Yuko kwenye michezo."

Sikuwa nimemwona. Lilitoka lenyewe, kama mtu anavyosema "sijambo" akiulizwa hujambo.

"Haya, mwache acheze. Nitapiga saa kumi na moja."

Nikaenda kumwita ili awe tayari. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa, blanketi limekunjwa vizuri, na nilipoligusa lilikuwa la baridi. Wasichana wawili wa vitanda vya jirani walikuwa wanasukana.

"Mwenzenu yuko wapi?"

Wakatazamana. "Tulidhani yuko jikoni."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu kabla ya uji hatujamwona, katibu."

"Na namba ya asubuhi nani aliitikia? Na ya mchana?"

Mmoja akaanza kulia. "Si ulisema tuitikiane?"

Nimewahi kuogopa maishani. Nimewahi kufukuzwa na nyuki kutoka Uyole mpaka karibu na Malawi. Lakini woga ule ulikuwa wa aina nyingine: nyuki unawakimbia, huu sikuwa na pa kuukimbilia.

Mama mwenyekiti nilimkuta anachambua maharage. Nilimweleza huku nimelikumbatia daftari la mahudhurio. Akalichukua, akapitisha kidole kwenye jina la yule binti. Tiki mbili za siku hiyo, nzuri, zimelala upande mmoja kama mashati yaliyopigwa pasi.

"Katibu, mtoto huyu yuko wapi?"

"Kwenye daftari yupo, mama."

"Daftari linakula? Linasikia baridi?"

Nikasema, na Mungu anisamehe, kwamba labda tuitishe kikao cha dharura.

"Kikao nimekifungua na nimekifunga," alisema, akasimama na maharage yakamwagika. "Mchukue fundi seremala mwende msituni. Wengine wote nawaweka ukumbini, na nitawahesabu kwa kuwashika vichwa."

Usiyeujua msitu wa kupandwa, nikueleze. Mipaina imepangwa mistari, mti na mti, umbali sawa, urefu sawa, kama askari wa paredi. Ukisimama katikati, kila upande ni uleule. Fundi, ambaye amekulia humo, alinishika mkono wa koti nisimpotee, na mimi ni mtu mzima mwenye cheti. Tuliita jina la binti mpaka koo zikakauka. Ukungu uliyameza maneno palepale mdomoni. Mbali kidogo chenso za wakata miti zilikuwa zinanguruma, zinanyamaza, halafu unasikia mti unalia, unakwenda, puu! Kila uliposhuka, moyo wangu ulishuka nao.

"Amevaa nini?" fundi aliuliza.

Makoti ya kambi niliyashona mimi mwenyewe, na rangi niliichagua mimi.

"Ya kijani," nikasema.

Fundi aliniangalia. "Kijani. Kwenye mipaina."

"Kitambaa kilikuwa kizuri."

"Wewe ungeshonea samaki makoti ya maji."

Hakucheka. Wala mimi.

Tulizunguka zaidi ya saa moja na nusu. Tukatokea kwenye barabara ya malori ambako fundi alikuwa ameacha pikipiki, na hapo simu ikaita. Saa kumi na moja kamili. Jina la mzee likawaka kwenye kioo.

"Usipokee," fundi alisema.

"Atapiga tena."

"Basi mwambie anaoga. Tukimpata hatajua kitu. Tusipompata... mwambie anaoga kwanza."

Lilikuwa jambo rahisi sana, na ulimi wangu ulikuwa umeshajipanga. Nikapokea.

"Mwalimu, nipe sasa mtoto."

Nikafungua mdomo. Mbali huko mti mwingine ukaanguka. Nikamwona yule binti, mwembamba, koti refu mikononi kwa sababu nilimkadiria vibaya.

"Mzee, hayupo. Nilikudanganya ile saa tisa. Tangu asubuhi hajaonekana, tunamtafuta msituni."

Nikasikia ng'ombe wakilia nyuma yake, na upepo. Nilidhani simu imekatika. Nikawa natamani iwe imekatika.

"Huko kuna miti mingi?" aliuliza. Sauti ilikuwa imepungua.

"Mingi, mzee. Ni miti mitupu."

"Basi hayuko kwenye miti. Sikiliza. Watoto wangu nimewafundisha machungani: ukipotea, tafuta mahali peupe, panapoona mbingu, usimame hapo. Usihame, hata iwe nini. Atakuwa amesimama. Mtafute peupe."

Nikamrudishia fundi maneno hayo. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Peupe humu ni mahali pamoja tu," alisema. "Wanapokata."

Sijui nilipandaje ile pikipiki. Fundi aliendesha kama ameibiwa mke, taa imewashwa, inaangaza ukungu mtupu, mweupe kama maziwa. Nilimkumbatia kiunoni nikawa nasali kwa Kinyakyusa, Kiswahili na Kiingereza kidogo nilichofaulu. Chenso zikawa zinakaribia. Fundi akabonyeza honi asiiachie, lakini wale jamaa huwa wameziba masikio, hawasikii hata radi. Mtu akapiga kelele, "Mtiii!" Fundi akaiangusha pikipiki, na mimi nikajiangusha kabla yake. Mpaina ukapita juu yetu, nikasikia upepo wake shingoni. Nitaapa popote kwamba uliangukia sentimita mbili kutoka kwangu. Fundi anasema hatua ishirini. Hakuwa na nafasi ya kupima wakati ule.

Nyapara wao akatujia na panga mkononi, macho mekundu. "Nyie ni wehu? Mnataka kufa?"

"Zima!" fundi alimpigia kelele. "Zima zote! Kuna mtoto humu!"

Nyapara akapuliza filimbi. Chenso moja ikazima, kisha ya pili, ya tatu ikakohoa ikanyamaza. Kimya kilichofuata kilinitisha kuliko ngurumo, kwa sababu sasa asipojibu, tutajua.

Niliita jina lake. Hakuna kitu. Niliita tena.

"Abee," ikajibu sauti ndogo.

Alikuwa amesimama juu ya kisiki, kwenye ukingo wa eneo lililokatwa, mikono ndani ya mikono ya koti, miguu imelowa. Mstari wa mipaina nyuma yake ulikuwa umeshapigwa alama ya rangi. Ndiyo iliyokuwa ifuate kukatwa. Asubuhi alikuwa ametoka kutafuta mahali pa kuona jua likichomoza, miti ikamzungusha.

Akaniona, akapiga goti palepale juu ya kisiki.

"Shikamoo."

Nilisahau hata marahaba, nikamshusha kisikini.

"Mbona hukukimbia ulipowasikia wakata miti?" fundi alimuuliza, akimvisha koti lake. "Mbona hukwenda kwao?"

"Baba alisema nisihame."

Nikampigia mzee. Aliipokea kabla haijaita. Vidole vya binti vilikuwa vimekufa ganzi, kwa hiyo nilimshikia simu sikioni. Waliongea Kisukuma, sikuelewa hata neno. Yeye alijibu kwa kifupi, akitikisa kichwa kana kwamba baba anamwona. Mara akalia kidogo. Kisha akanitazama.

"Anakutaka wewe."

Nikaiweka simu sikioni kama mtu anayeweka chuma cha moto.

"Mwalimu," mzee alisema, "apewe uji, na miguu yake ikandwe na maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto. Kesho nakuja."

"Karibu, mzee," nikasema. Akakata. Hakusema anakuja kufanya nini.

Tulimpakia binti katikati yetu kwenye pikipiki, na safari hii fundi aliendesha taratibu. Njia nzima nilimshika bega, na sikulegeza mkono mpaka mama mwenyekiti alipotoka ukumbini, akamgusa kichwa, akasema: "Arobaini."