Kihenge Kisicho na Pembe

Juzi mjukuu wangu alikuwa akichora duara kwenye daftari la hesabu, na mimi nikasikia harufu ya mahindi makavu ya kwa bibi, milimani Kilolo.

Nilipokuwa mtoto huko, mwalimu alikuwa ametufundisha kanuni: E ni sawa na u mara p, yaani eneo ni urefu mara upana. Akatutuma tukapime kitu cha nyumbani. Nikachagua kihenge cha bibi, ghala lake la mianzi. Nilikizunguka na kamba mpaka nikachoka, pembe sikuiona.

Kwangu kanuni ilikuwa amri, kama za bwana shamba aliyetulazimisha kulima upya matuta yasiyofuata vipimo vyake. Nikaamini kihenge nacho kitabomolewa kwa kukosa u na p. Kesho yake shuleni nikachora duara kwenye kibao changu cha kuandikia, basi.

“Futa,” mwalimu alisema. “u iko wapi? p iko wapi?”

“Hazipo, mwalimu. Na kihenge cha bibi hakibomolewi.”

Nikapigishwa magoti kwenye changarawe, kibao mkononi.

Leo najua duara lina kanuni yake, ila tulikuwa hatujafika huko. Siku ile sikujua. Lakini kengele ya kurudi nyumbani ilipolia, duara langu lilikuwa bado lipo.