Tulivyompisha Chui Siku Niliyoolewa

Niliolewa enzi za Mdachi, kiangazi, mavuno yakiwa ndani na Meru nzima ikioa na kuozesha. Haikupita siku bila msafara wa bibi harusi kuvuka korongo lililotenganisha kwetu na kwa kina mume wangu, kwa nyimbo na vigelegele. Na humo korongoni aliishi chui jike.

Hakutusumbua. Misimu ya harusi ilipoanza, alihamia juu mapangoni, akawa anashuka mtoni mchana wa jua kali, misafara ya asubuhi imeshapita na ya jioni haijaanza. Wanawake waliokata majani ya ng'ombe walizijua saa zake, wakamwachia.

Sisi tulichelewa. Shangazi yangu alinipaka samli, akaona sing'ai, akanipaka tena. Tukafika mtoni jua la utosi. Nilitakiwa nitembee polepole, kichwa chini, nikihuzunika kuacha kwetu. Wapi! Furaha ilinifanya nitembee kwa kurukaruka.

Wimbo ukakatika. Chui alisimama kwenye jiwe ng'ambo, mtoto wake akining'inia mdomoni; kumbe mwaka huo alikuwa amezaa huku chini mtoni.

"Nipulize?" akanong'ona mpambe wa bwana harusi, aliyewahi kufanya kazi bomani kwa Wajerumani akarudi na tarumbeta.

"Thubutu!" shangazi akamjibu. "Puliza uone nitakavyokuzamisha."

Chui akatutazama, masikio kayalaza nyuma. Hatukusogea. Akapanda na mtoto wake hadi mapangoni, kisha akarudi kumchukua wa pili! Tukangoja, watu wazima na vibuyu vya pombe ya mbege kichwani, kama tunampisha mkwe. Huyo wa pili alikuwa mtundu, anarusha miguu hovyo, mpaka mama yake akamdondosha majini. Akaibuka anapiga chafya.

Nikaangua kicheko. Shangazi akanifinya, nikazidi. Nikamwona naye mabega yanamtikisika, na msafara mzima ukapasuka. Chui alimkwapua mwanawe akatoweka.

Kwa mume wangu tulifika machozi yakitutiririka.

"Bibi harusi gani huyu anakuja anacheka?" mama mkwe akauliza.

Shangazi akamweleza, maneno yakimkatikakatika. Mama mkwe akawageukia vijana: "Kimbieni mkawaambie wenye harusi ya jioni wasiharakishe. Yule mama bado anahama!" Kisha akanishika mkono, mwenyewe hoi kwa kucheka, akaniingiza nyumbani kwangu nikiwa na kwikwi.