Samli na Masizi kwenye Bampa

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi Agosti, mwaka 1985. Nilikuwa nyumbani kwetu, nje kidogo ya Tinde, kwa likizo ya chuo cha ualimu, nimeketi uani napeta mchele wa safari. Kesho yake wazee wetu walikuwa waende Ushirombo kumposea kaka yangu Makoye, nami nilichaguliwa kufuatana nao ili niwasalimu wanawake wa upande wa pili.

Baba yetu alikuwa ameshafariki. Aliyeisimamia posa ile alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake, fundi wa mashine za kuvuta maji kwenye machimbo ya Geita. Alikuja na gari lake dogo la kijivu, ambalo bampa zake na mikanda ya ubavuni ilikuwa ya plastiki nyeusi. Sisi tulizoea magari yenye bampa za chuma zinazong'aa, kwa hiyo majirani walilicheka, wakasema hili gari lina midomo ya ndoo. Baba Mkubwa alicheka pamoja nao, kisha akamkabidhi Makoye funguo akamlete shangazi yetu kutoka kijiji cha pili.

Makoye alimleta shangazi salama na kumshusha mlangoni. Alipokwenda kuliegesha gari nyuma ya nyumba, alikata kona mapema, na gogo la lango la zizi likaikwangua pembe ya bampa ya mbele. Hayo niliyajua baadaye. Nilichokiona mimi ni kaka yangu akikwangua masizi chini ya chungu na kuyakoroga kwa samli. Ndivyo tulivyovitia rangi vigoda vipya nyumbani kwetu, vikawa vyeusi na kung'aa kana kwamba vimerithiwa. Nikadhani anamalizia kigoda cha kumpelekea mama mkwe, nikaendelea kupeta mchele wangu.

Tuliondoka kabla ya alfajiri, Baba Mkubwa, shangazi, Makoye na mimi. Barabara ilikuwa ya vumbi tupu, na tulipofika Ushirombo watu walikuwa wanatoka misa ya pili. Mzee Mabula, baba yake Tereza, binti tuliyekwenda kumposa, alitupokea kwa heshima zote. Alikuwa mkulima wa pamba na muumini wa siku nyingi, mtu wa maneno machache. Tuliamkiana, tukala, na mazungumzo yakaanza vizuri. Baba Mkubwa alikuwa ameshawataja ng'ombe wetu mmoja mmoja kwa rangi zao, kuanzia dume jekundu ambalo tulijivunia kuliko wote, wakati kicheko kilipolipuka nje. Hakikuwa kicheko cha mtu mmoja. Ua mzima ulikuwa unacheka.

Tulitoka. Mbwa watatu wa pale nyumbani walikuwa wameizunguka pembe ya gari, wanailamba bampa kwa bidii, mmoja akimsukuma mwenzake kwa bega. Shangazi yake Tereza alikuwa ameshika kiuno.

"Jamani wakwe!" akasema. "Huko Tinde magari mnayaunga kwa samli? Si mngetuletea na ugali kabisa!"

"Waacheni wale," akadakia mwanamke mwingine. "Mgeni kaja na kitoweo chake."

Makoye aliwafukuza mbwa, lakini walikuwa wamekwisha kuisafisha kazi yake. Mahali palipokuwa peusi palibaki mikwaruzo ya rangi ya majivu, yenye nyuzi za plastiki zilizosimama kama manyoya. Mzee Mabula aliinama, akapitisha kidole, akakinusa.

"Nani amepaka hii?"

"Mimi, baba," Makoye akajibu.

"Gari la nani?"

"La Baba Mkubwa."

"Naye alijua?"

Baba Mkubwa ndiye aliyejibu. "Mkwe wangu, ndiyo kwanza ninaona. Tunaona pamoja."

Mzee Mabula alijifuta kidole kwa jani. "Kukwaruza gari si neno," akasema. "Baiskeli yangu mimi nimeikwaruza mpaka haijulikani ilikuwa rangi gani. Nakuuliza jambo moja tu, kijana. Binti yangu akija kuumia huko kwenu, utampaka nini?"

Shangazi yetu alijifunga khanga yake upya, ingawa haikuwa imelegea. Nilimwona Tereza amesimama kwenye mlango wa jiko, mkono mdomoni, nikaelewa kwamba posa ile ilikuwa inatuponyoka.

Baba Mkubwa hakumtetea kijana wake, wala hakumgombeza kwa sauti. Aliomba maji ya moto, sabuni ya kufulia, jiko la mkaa na kijiko kikubwa cha chuma. Kutoka kwenye buti la gari alichukua wembe na vipande vya msasa. "Kunja mikono ya shati," alimwambia Makoye, na shati lenyewe lilikuwa jeupe, la posa.

Makoye alianza kwa kuosha, maana hakuna kazi inayoshika juu ya mafuta. Aliosha mara ya kwanza, Baba Mkubwa akapitisha kiganja na kusema bado panateleza, akaosha tena. Akanyoa zile nyuzi kwa wembe uliolazwa, taratibu, asije akachimba shimo jipya. Penye mfereji wa kina aliugandamiza mgongo wa kijiko kilichopashwa moto, akikiondoa haraka, mpaka plastiki ikalainika na kujaziana yenyewe. Kisha akasugua kwa msasa uliolowekwa maji, kwanza wa chembe nene, halafu wa chembe laini.

"Ungeniambia jana, ningekuonyesha jana," Baba Mkubwa alisema, bado ameinama karibu naye. "Tungefika hapa na bampa yenye mkwaruzo, wangetucheka kidogo, tungekula, tungeondoka. Sasa umewafanya watu hawa wajiulize na mimi nimepaka nini."

Makoye alisema, "Nilijua utakasirika, Baba."

"Ningekasirika. Kwani ni mara yangu ya kwanza kukasirika?"

Shangazi yake Tereza alicheka hapo, na mumewe, aliyesimama nyuma yake, akacheka, na nadhani ndipo pumzi zetu zilipoanza kurudi.

Mwisho Baba Mkubwa alimwonyesha namna ya kupitisha kaa la moto karibu na plastiki bila kuigusa. Ule weupe wa msasa ukafifia na weusi ukarudi, si kwa kupakwa, bali kutoka ndani ya plastiki yenyewe. Mzee Mabula, aliyekuwa amekaa muda wote akitazama, alikuja na kupapasa.

"Bado panaonekana," akasema.

"Pataonekana siku zote," Baba Mkubwa akajibu. "Zile chembechembe za juu, plastiki ilizotoka nazo kiwandani, hazirudi. Lakini hapamkwaruzi mtu tena."

Mzee Mabula alinyoosha mgongo. "Sijakataa, na sijakubali. Nendeni salama. Siku mtakapokuwa na habari mbaya, niisikie kwenu kwanza, nisiisikie barabarani. Baada ya hapo tutamaliza habari za ng'ombe."

Mwanangu, nimefundisha kwa miaka mingi, na vijana wengi wamekuja kwangu na makosa yao. Yaliyoletwa yakiwa bado mabichi, mengi tuliyatengeneza. Yaliyoletwa yamekwisha kupakwa, tulianza kwanza na kuosha, na kuosha kulichosha kuliko kutengeneza. Kwa hiyo ukiharibu kitu cha mtu, mwendee siku hiyo hiyo. Mwambie kabla hajauliza. Kubali akasirike, hasira yake ni haki yake, na itapita. Kisha kunja mikono ya shati utengeneze mbele yake, wala usiahidi kwamba alama haitaonekana. Mungu akujalie ulimi mwepesi wa kusema ukweli na mikono yenye subira, na akukutanishe na watu watakaokupa nafasi ya pili kama kaka yangu alivyopewa.

Habari mbaya haikukawia. Wiki chache baadaye Makoye aliniomba niandike barua, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka vizuri. Wifi yangu Tereza anayo mpaka leo. Inasema hivi:

"Baba Mabula, shikamoo. Sisi hapa Tinde ni wazima. Tunakuletea habari kwamba dume jekundu, lile alilolitaja Baba Mkubwa kabla ya wengine wote, limekufa Jumanne kwa homa ya ndigana. Jirani yetu ana dume la rangi hiyo hiyo, na wapo waliotushauri tulichukue tunyamaze, kwa sababu kwenu hakuna aliyewahi kuliona letu. Makoye amekataa. Amesema uambiwe wewe kwanza, hata kabla ya Baba Mkubwa aliyeko Geita. Hatujui bado tutaliziba vipi pengo hilo, na hatutaki kukudanganya kwamba tunajua. Tunaomba utuambie kama bado tunaweza kuja. Msalimie mama, na Tereza. Ni mimi, Nyamizi, dada yake Makoye."