Kichwa cha Mjomba Wangu

Hadi leo nikiona gari la watalii, nageuza uso. Si kwa sababu yao peke yao. Ni kwa sababu ya jambo nililolifanya mwenyewe katika miaka ya sabini, nilipokuwa mwalimu, bado msichana, karibu na Nyaramba, nikijivunia Kiingereza changu kuliko kitu chochote.

Ilikuwa likizo. Dereva mmoja wa watalii alinikuta sokoni Ikonge, garini akiwa na Wazungu wanne waliotoka mbugani. Walikuwa wameshachoka na simba na sasa walitaka kitu ambacho wenzao hawajakiona.

"Mwalimu," aliniambia, "wachonga mawe wamewaona, chai wameiona. Huku kwenu hakuna kingine?"

Ningesema hakuna, angeondoka. Badala yake nikasema, "Yupo mjomba wangu. Alipasuliwa kichwa."

Miaka mingi nyuma, mjomba aliangukiwa na boriti akijenga nyumba. Maumivu ya kichwa hayakumwacha, na hospitalini alipewa vidonge tu. Mwishowe alikwenda kwa omobari, mganga wetu wa vichwa, akakwanguliwa mfupa wa fuvu akiwa macho, ameshikwa na wanaume watatu. Alipona. Lakini juu ya sikio palibaki ngozi tupu isiyo na mfupa chini yake, na ungeiona ikipanda na kushuka. Sisi wa nyumbani hatukupaangalia. Yeye mwenyewe alivaa kofia ya sufu hata jua likiwaka.

Tulimkuta peke yake uani, anamenya ndizi. Alifurahi kupata wageni, akakimbilia kutoa viti.

"Mjomba, wanaomba kuona palipopasuliwa."

Alinitazama kidogo. "Ni madaktari?"

"Ndiyo," nikamdanganya.

Akavua kofia.

Mzungu mmoja, mnene, anayenuka mafuta ya kujikinga na jua, aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa nywele za mjomba. Kisha, bila kuuliza, akabonyeza kwa kidole. Ngozi ikabonyea kama unga uliokandwa. Akapiga kelele za furaha, akawaita wenzake, nao wakaja mmoja mmoja wakabonyeza. Mwanamke mmoja alicheka huku amefumba macho, kisha akarudia. Mjomba alikaa wima, mikono magotini, kama mtu anayenyolewa. Machozi yalimtoka jicho la upande ule.

"Wanasemaje?" aliniuliza.

Walikuwa wanabishana kama kilichokuwa kikipiga chini ya vidole vyao ni ubongo wenyewe.

"Wanasema umepona vizuri."

"Basi waulize kama wana dawa ya kizunguzungu. Nikiinama kuchuma chai, dunia inazunguka."

Nikauliza. Yule mnene akajibu kwamba uani palikuwa na kivuli, je, mzee angeweza kusogea juani ili picha itoke vizuri? Alipokuwa akisema hayo alikuwa akifuta kidole kwa leso, kwa bidii, mpaka chini ya ukucha. Nikaona wote wanafuta. Na bado nikasema, "Mjomba, sogea hapo kidogo."

Ndipo mkewe alipotokea shambani na kikapu cha chai mgongoni. Alisimama akaangalia, akatua kikapu polepole, akavua kitambaa chake na kumfunika mumewe kichwa. Hakuwasemesha wageni. Alinigeukia mimi.

"Umekuja kuwauzia mzee wangu?"

"Ni madaktari," mjomba akasema.

"Daktari gani anacheka?"

Dereva alishaelewa, akaanza kuwakusanya watu wake. Sikurudi nao. Nilishuka mpaka mtoni nikanawa mikono, ingawa sikuwa nimemgusa mtu, kisha nikatapika kwenye majani.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini dereva alikuwa ameijua njia, na mjomba alikuwa ameonja kitu ambacho sikukitarajia: watu wa mbali kuja kwa ajili yake. Mwezi uliofuata nilimkuta ameketi kando ya barabara kuu, amenyoa, kichwa kinang'aa kwa mafuta, kofia ameishika mkononi.

"Mwanangu," aliniita mbele ya watu, "keti hapa. Wakija nani atanisemea?"

"Mjomba, wale si madaktari. Nilikudanganya."

"Najua," akasema. "Keti."

Sikuketi. Mkewe hakunipa mkono tena, hata kanisani siku ya Sabato, na sikumlaumu. Mjomba alikaa pale kila siku ya soko mpaka miguu ilipomshinda, na magari mengine yalisimama. Mimi nilianza kwenda shuleni kwa njia ya chini, katikati ya mashamba ya chai, nikifika na sketi iliyolowa umande mpaka magotini.