Jina la Amri na Lumbesa ya Mjomba

Hii mtaikataa, lakini Mjomba Mwinshehe, asiyejua hata kompyuta inawashiwa wapi, aliwaapia wapakiaji wa viazi pale Mgeta kwamba aliiona kwa macho yake. Mpwa wake, fundi wa programu, kila jina la amri analoliandika hulinong'ona kwanza, akalionja kama mchuzi. Likiwa na uongo hukunja pua. Ndivyo alivyoikunja alipokuta, ndani kabisa ya mfumo unaoendesha kompyuta, amri iitwayo "pitia kila kichakataji", kumbe vichakataji, hizo bongo za kompyuta, vikiwa vimelala inaviruka. "Mjomba, atakayeliamini jina hili ataharibu kazi," alisema. Akaandika "pitia vilivyo macho", akawatumia wenye mfumo, akabaki anajikuna kiganja akingoja jibu. Leo asubuhi wamemkubalia. Yeye alitabasamu kidogo, akarudi kazini. Aliyevimba ni mjomba. "Wakubwa wa kompyuta dunia nzima," akawaambia wapakiaji waliokuwa wakishindilia gunia la lumbesa, moja kwa jina, moja na nusu kwa tumbo, "wamesimama wakapiga makofi, wakasema Mgeta ijengewe…"

"Mjomba," fundi akamkatiza kutoka dirisha la chumba chake cha kazi, hapo kando, "wameandika 'sawa' basi. Hiyo yako ni lumbesa kuliko hilo gunia."