Unga juu ya bloku

Mume wangu alikuwa fundi wa magari pale Kasenga, na kwa miaka mitatu aliota gari moja tu: dogo, lenye turbo, litakaloimba kwenye barabara ya ziwani. Bodi tulikuwa nayo. Turbo yenyewe ililala chini ya kitanda chetu, imefungwa kwa kitenge changu kizuri, jambo lililoniudhi na linaloniudhi mpaka leo. Ilibaki kuchagua bloku ya injini na kulasi, yaani kifuniko chake cha juu.

Kulasi aliichagua upesi kati ya mbili. Moja aliikataa kwa kuwa mafundi waliikwangua mara nyingi ikawa nyembamba. Turbo ikianza kusukuma hewa, alisema, itaipinda. Bloku ndiyo iliyomsumbua. Moja ilikuwa hapo uani, chuma kizito cha gari lililotelekezwa. Nyingine ilikuwa kwa rafiki yake kwenye uwanda wa Ruzizi, na wiki ile waasi walikuwa wameshafika huko. Wanaume waliopita njia ile hawakuwa wakirudi.

"Hii ikiwa na ufa, kesho minye nitaenda kuchukua ile ingine," alisema.

Nilimjua. Angekwenda.

Kutafuta ufa ilikuwa kazi yangu, maana mimi ni mshonaji na macho yangu yamezoea uzi. Niliipaka bloku mafuta ya taa, nikaifuta hadi ikakauka, nikaipepetea unga wa muhogo. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka polepole na kuchora mstari kwenye weupe. Yeye alitoka nje, hakuweza kutazama.

Ziwa lilikuwa limetulia asubuhi ile, na milima ya ng'ambo ilielea bila miguu. Unga ulishuka taratibu mno, nikawa kama ninayesinzia nikiwa wima. Kisha, kati ya silinda ya pili na ya tatu, ukatokea mstari mwembamba kama unywele wa mtoto.

Niliogopa sana. Nikaufuta kwa kiganja.

"Iko muzima?" aliuliza kutoka mlangoni.

"Iko muzima."

Gari liliwaka miezi kadhaa baadaye, njia zilipotulia. Tulipanda wawili. Turbo iliimba kweli, ziwa likakimbia pembeni yetu, na sitasema uongo, nilifurahi kuliko siku ya harusi. Tulipofika daraja la Mulongwe, mvuke mweupe ulifunika kioo. Alishuka, akafungua boneti, akaikuta bloku imepasuka.

"Chuma hii haikuweza turbo," alisema. "Minye nilichagua mubaya."

Sikumwambia habari ya ule mstari. Hakujenga injini nyingine tena. Na mtu huyu, aliyekuwa akichagua chuma kwa kukigonga kwa kidole tu, leo hata akitaka kununua nyanya sokoni hunigeukia kwanza na kuniuliza, "Weye unaona je?"